Maji Yaliyojificha Ndani ya Punje

Wazee walisema, "Chembe na chembe mkate huwa." Methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu asidharau kilicho kidogo, lakini ndani yake mna elimu nyingine pia. Kila kitu ulimwenguni, kiwe jiwe, maziwa au moshi, kimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Tabia ya chembe hizo ndiyo iamuayo kama mahindi ya mkulima wa Uasin Gishu yatakuwa chakula na fedha, au yatakuwa uchafu wa kutupwa shimoni.

Jambo hili si la kuwaachia waalimu wa shule peke yao. Katika nyanda za Eldoret mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka, mvua zianzapo mwezi wa Machi au Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba hata Desemba. Mwenye kuyapoteza hana budi kungoja mwaka mzima kabla ya kupata mengine. Tena wako watu wanaolima vizuri, wakapalilia kwa wakati, wakavuna kwa furaha, kisha wakapata hasara mahindi yakiwa tayari ndani ya ghala.

Siku za mavuno, mtu apitaye katika njia za Ziwa, Moiben au Turbo huona maturubai yametandazwa mbele ya nyumba na kando ya barabara, na juu yake punje zinang'aa kwa jua. Akizishika huziona kavu. Mwenyewe naye akizishika huridhika, akazitia katika magunia. Lakini ukavu wa ngozi ya punje si ukavu wa moyo wake. Ili kuelewa maji hayo yamejificha wapi, na hutoka kwa njia gani, yafaa kwanza kuzifahamu chembe zenyewe.

CHEMBE ZISIZOTULIA

Maji hujulikana kwa sura tatu, na mkulima wa nyanda za juu ameziona zote kwa macho yake.

Sura ya kwanza ni ile ya mvua ya mawe, iangukayo na kuchana majani ya mahindi. Hapo maji ni kitu kigumu. Chembe zake zimeshikamana safu kwa safu, kila moja mahali pake, mfano wa wanafunzi walioketi madawatini. Hazitembei, ila pia hazitulii. Hutikisika pale pale zilipo. Kwa sababu kila moja ina mahali pake, kitu kigumu hushika umbo lake, kiwekwe mezani au kitiwe ndani ya kikombe.

Jua likipiga lile jiwe la barafu, chembe zake huzidi kutikisika hata safu zikavunjika. Barafu huyeyuka, nayo hiyo ndiyo sura ya pili. Chembe za maji bado zimekaribiana na bado zinavutana, lakini sasa zapishana, kama watu katika soko lililojaa: kila mtu anasukumana na mwenziwe, wala hakuna aliye na kiti chake. Ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo, yakawa mviringo ndani ya kibuyu na mraba ndani ya debe, lakini kipimo chake hakibadiliki.

Maji yakizidi kupata joto, chembe nyingine hupata mwendo mkubwa hata zikaziponyoka zile zinazozivuta, zikaruka hewani. Hiyo ndiyo sura ya tatu, yaani mvuke, nao ni gesi. Chembe za gesi ni kama watoto waliofunguliwa darasani wakatoka mbio uwanjani: ziko mbalimbali, kila moja yaenda upande wake mpaka igongane na nyingine au igonge ukuta. Lita moja ya maji ikichemka yote kule pwani huwa mvuke wa kujaza kiasi cha lita 1,700. Kadhalika chembe za harufu hutawanyika hewani, na ndiyo sababu mtu hujua kwamba mahindi yanachomwa kabla hajaliona jiko.

Pengine msomaji atauliza jinsi gani mambo hayo yalijulikana, na chembe zenyewe hazionekani. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea wa Uskoti, Robert Brown, alikuwa akitazama kwa hadubini vipande vidogo sana vilivyotoka katika chavua ya maua, navyo vilikuwa ndani ya maji. Aliviona vikichezacheza bila kukoma, ingawa hakuna aliyevigusa. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza sababu yake: chembe za maji zilikuwa zikivigonga kutoka kila upande. Mfaransa Jean Perrin alipima mwendo huo kwa uangalifu, na mwaka 1926 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo yajulikana kwamba tone moja la maji lina chembe nyingi kupita bilioni moja mara bilioni moja, kisha mara elfu moja.

Katika hayo yote, mkulima na ashike mambo mawili. La kwanza, joto si kitu kingine ila mwendo wa chembe; kitu kikipata joto chembe zake huenda mbio zaidi. La pili, chembe zikiachiwa nafasi hutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache.

SUFURIA YA ELDORET NA YA MOMBASA

Eldoret iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,100. Hewa nayo ni chembe, na uzito wa hewa yote iliyo juu hukandamiza ile iliyo chini. Mombasa, iliyo ufukweni, hubeba uzito wote wa hewa. Eldoret iliyo juu hubeba kiasi cha nne kwa tano tu. Kwa hiyo chembe za hewa katika Eldoret ni chache zaidi kwa kila pumzi ambayo mtu huvuta.

Habari hiyo huonekana wazi jikoni. Maji huchemka wakati mvuke wake upatapo nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza. Mombasa hayachemki mpaka yafike digrii 100 za sentigredi. Eldoret huchemka kwenye digrii 93 hivi, kwa kuwa mkandamizo ni mdogo. Mpishi aliyehamia Eldoret kutoka pwani hushangaa kuona maharagwe yanachemka kwa kelele na bado ni magumu. Akiongeza kuni hapati faida, kwa maana maji yakisha kuchemka hayazidi kupata moto, bali hugeuka mvuke kwa haraka zaidi na kukauka. Ni heri aloweke maharagwe usiku kucha, au atumie sufuria ya presha, ambayo huuzuia mvuke usitoke mpaka mkandamizo na joto vipande.

Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayowazoeza wanariadha wa Eldoret na Iten. Kwa kuwa kila pumzi ina oksijeni kidogo, mwili huongeza chembe nyekundu za damu zinazoibeba. Kipchoge Keino wa Nandi alipopata medali ya dhahabu ya mita 1,500 mwaka 1968 katika mji wa Mexico, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, alikimbia katika hewa mfano wa ile aliyoizoea nyumbani.

Lakini mkulima asidhani kwamba wepesi wa hewa peke yake utamkaushia mahindi. Mahindi yana kanuni zake.

SAFARI YA KUTOKA NDANI YA PUNJE

Mahindi yanapovunwa aghalabu huwa na maji kiasi cha asilimia 20 hata 30 ya uzito wake. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yanayozidi asilimia 13.5, na kipimo hicho ndicho kifaacho kwa ghala la nyumbani pia.

Hesabu yake ni hii. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 18 za maji na kilo 72 za mahindi hasa. Ili lifike asilimia 13.5, ni lazima liwe na uzito wa kilo 83 na robo. Maana yake, maji ya kutoka ni karibu kilo 7, nazo ni karibu lita 7, yaani theluthi ya mtungi wa lita 20. Mkulima mwenye magunia 30 ana zaidi ya mitungi 10 ya maji ya kuondoa, na hayo yote hayaoni.

Maji hayo hayakukaa ndani ya punje kama yanavyokaa ndani ya kibuyu. Chembe zake zimejipenyeza katikati ya wanga na kuushika, kwa hiyo hazitiririki. Hutoka moja moja, kwa safari yenye hatua tatu. Kwanza chembe hujikokota kutoka moyo wa punje mpaka kwenye ngozi. Pili, ikifika kwenye ngozi na kupata joto la kutosha, huruka na kuwa mvuke. Tatu, hewa inayopita huichukua na kuipeleka mbali. Hatua moja ikizuiwa, safari yote husimama. Bandu bandu huisha gogo, lakini mwenye shoka hana budi kuendelea kuchanja.

Hatua ya kwanza huenda polepole. Ndiyo maana punje iliyoanikwa asubuhi huwa kavu mkononi ifikapo saa nane, na kesho yake ikawa na unyevu tena hata kama haikunyeshewa. Maji hayakutoka nje. Yametoka moyoni usiku, yakafika kwenye ngozi. Kukausha kwa siku moja ya jua kali hakutoshi. Wala haifai kuharakisha mno kwa moto mkali, kwa sababu ngozi itakauka na kunywea kabla ya moyo, punje ipasuke. Mahindi ya mbegu yakipata joto la kupita digrii 43 hivi huweza kufa, yasiote kamwe.

Hatua ya pili yataka jua na nafasi. Mahindi yakirundikwa, chembe za maji zilizo chini hazina njia. Basi tabaka la mahindi juu ya turubai lisizidi sentimita 5, na lipinduliwe mara kwa mara. Yasianikwe juu ya udongo mtupu, maana udongo una maji yake na una mbegu za kuvu.

Hatua ya tatu yategemea hewa. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi, na hewa ya baridi hubeba kidogo. Katika digrii 25, meta moja ya hewa kila upande huweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke. Katika digrii 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 au 10. Usiku wa Eldoret ni wa baridi. Hewa iliyobeba maji mchana ikipoa jioni hushindwa na mzigo wake, ikautua juu ya majani, juu ya mabati, na juu ya mahindi yaliyosahauliwa nje. Huo ndio umande. Mkulima aliyeacha mahindi wazi usiku huyarudishia maji aliyoyatoa kwa kazi ya mchana kutwa. Basi na yafunikwe au yaingizwe ndani kabla ya jua kuchwa, wala yasifunuliwe asubuhi mpaka umande uondoke.

PUNJE HUPUMUA

Labda mtu atasema kwamba unyevu kidogo haudhuru. Lakini punje ni kitu chenye uhai. Huvuta oksijeni, hutumia wanga wake, na hutoa gesi ya kaboni dioksidi pamoja na maji na joto. Punje kavu hupumua kidogo sana, ni kama imelala. Punje yenye maji hupumua kwa nguvu. Gunia likiwa na unyevu huzaa joto. Joto huzidisha kupumua. Kupumua huleta maji mengine. Mtu akiutia mkono katikati ya gunia la namna hiyo huona fukuto. Hiyo ni dalili kwamba mahindi yameanza kuharibika.

Hapo ndipo kuvu huamka. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini, na ikiliwa kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 walijulikana kuugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mahindi waliyokula hayakuwa ya ajabu. Mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu.

Wala mtu asijifariji kwamba moto utaiondoa. Aflatoksini haiondoki kwa kupika. Ugali uliopikwa sana bado unayo. Haionekani kwa macho wala haitambulikani kwa harufu, na mahindi yaweza kuwa nayo hata yakiwa meupe. Kipimo cha juu kinachokubaliwa nchini Kenya ni sehemu 10 tu katika bilioni. Wako pia wanaosema kwamba mahindi yaliyooza ni ya ng'ombe. Hao na wajue kwamba ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hupita katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo wanyweshwayo watoto.

CHUPA NA CHUMVI

Si kila mkulima aliye na mashine ya kupimia unyevu, ila kila nyumba ina chumvi. Basi mkulima na atwae chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, aitie punje za mahindi kiasi cha theluthi moja, na vijiko vichache vya chumvi kavu. Aifunge vizuri, aitikise kwa dakika moja au mbili, kisha aiache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yangali mabichi, unyevu wake umepita asilimia 15. Chumvi ikiteremka chini bila kushika kioo, unyevu uko chini ya hapo.

Sababu yake ni zile zile chembe. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 au zaidi huijaza hewa ya ndani ya chupa kwa mvuke mpaka ifike kiasi cha robo tatu ya uwezo wake wa kubeba maji. Hewa ikifika hapo, chumvi huanza kuzivuta chembe za maji, ikalowa na kunata. Lakini iangaliwe kwamba jaribio hili haliwezi kutofautisha asilimia 14 na 13.5. Chumvi isiponata, mahindi na yaanikwe siku moja au mbili zaidi, kisha yapelekwe yapimwe kwa mashine kabla ya kuuzwa au kufungiwa. Mvua za mwisho wa mwaka zikizuia jua, bora kulipia mashine ya kukaushia ya Bodi au ya ushirika kuliko kupoteza ghala zima.

NDANI YA GHALA

Mahindi yaliyokaushwa vizuri bado yataka kulindwa, kwa kuwa chembe za maji hutafuta njia ya kurudi. Sakafu ya simenti huonekana kavu, lakini ina vitundu vidogo ambavyo maji ya ardhini hupanda kupitia humo. Kwa hiyo magunia yapangwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, na pawe na nafasi ya hewa kupita kati yake. Mabati ya paa nayo hupoa upesi usiku, mvuke ukayagusa na kuwa matone. Magunia yasifike karibu na paa, na pakiwezekana pawe na dari.

Siku hizi wakulima wengi hutumia mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa. Akili yake ni nzuri. Fukusi na dumuzi waliofungiwa ndani huimaliza oksijeni kwa kupumua, wakakosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Lakini mfuko huo huzuia mambo mawili kwa pamoja: huzuia hewa isiingie na huzuia maji yasitoke. Mwenye kuutilia mahindi mabichi ameufungia unyevu pamoja na chakula chake. Mfuko haukaushi, hulinda kilichokwisha kukaushwa.

Wako wanaovutwa na tamaa ya kuuza mahindi mabichi kwa kuwa ni mazito. Ni kweli kwamba kilo 7 za maji katika kila gunia huongeza uzito katika mizani, lakini mnunuzi mwenye mashine huziona mara moja, akapunguza bei au akakataa mzigo, na mkulima akalipa gari la kurudia. Na asiye na mashine akiyanunua, maji yale humfuata nyumbani kwake, na watakaodhurika ni wake na wanawe.

Kwa hiyo, mkulima ashikaye punje katika kiganja chake na akumbuke kwamba ndani yake mna chembe zisizohesabika, na hakuna hata moja iliyotulia. Zikipewa jua, nafasi, hewa na siku za kutosha, zitatoka zenyewe. Zikifungiwa kwa haraka, zitafanya kazi yao gizani mpaka gunia lifunguliwe.